Habari za Kuyeyusha Vyuma Vikuukuu na Kuvisubu Upya



Jioni hii nataka kuwapa habari za kazi moja ya zamani sana, nayo ni kuyeyusha vyuma vikuukuu na kuvisubu upya. Kusubu maana yake ni kumimina madini yaliyokwisha kuwa maji ya moto ndani ya kalibu, kuyaacha yapoe, kisha kuyatoa yakiwa na umbo la kalibu ile. Vijana wa mjini husema "vyuma chakavu", ni mamoja. Sitasema habari za viwanda vikubwa vyenye matanuu marefu kama minara, kwa kuwa hivyo vina vitabu vyake tele. Nitasema habari za mtu mmoja na moto wake nyuma ya nyumba, mwenye chungu kimoja, koleo moja, na lundo la vitu vilivyovunjika. Mtu huyo wanahistoria humpita upesi, nami naona wanamdhulumu.

Katika masomo ya shule twaanza daima na mgodi. Jiwe lachimbwa, laingizwa motoni, latoka chuma, chuma chafuliwa jembe. Ni kweli, lakini mafundi wengi wa zamani hawakupata kuona mgodi maishani mwao. Wao walianza na jembe lililovunjika. Na kitu kilichovunjika huja na asili yake. Yaliyokuwamo ndani yake huingia chunguni, na yaliyoingia chunguni hutoka tena katika kitu kipya, hata kama jicho halioni tofauti. Jambo hili ndilo nitakalolifuata katika maongezi haya, maana limewapa wataalamu ushahidi wa mambo ya kale, na limewapa watoto wengine ugonjwa.

Katika mwaka wa 1960 wapiga mbizi, pamoja na mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye George Bass, walichunguza jahazi lililozama karibu na rasi ya Gelidonya, kusini ya Uturuki. Jahazi hilo lilizama yapata mwaka 1200 kabla ya kuzaliwa Kristo. Ndani yake walikuta vipande vikubwa vya shaba nyekundu vilivyosubiwa kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa. Lakini walikuta pia jambo lililowashangaza zaidi: zana za shaba zilizovunjika, mashoka, majembe na visu, zilizokuwa zimewekwa katika vikapu. Na vikapu vyenyewe vilikuwa vimebakiza alama zake chini ya bahari kwa miaka zaidi ya 3,000. Hii ilikuwa shehena ya vyuma vikuukuu. Basi biashara ambayo wengine huidharau, wakiona ni ya watoto wenye magunia mitaani, ilikuwa na majahazi yake kabla Roma haijajengwa.

Huko Uingereza nako, mwaka 1959, jembe la mkulima lilifukua hazina mahali paitwapo Isleham, katika jimbo la Cambridgeshire. Palikuwa na vipande zaidi ya 6,500 vya shaba iliyochanganywa na bati: panga, vichwa vya mikuki, mashoka, vingi vimevunjwa. Mawe ya kuchongea yakivunjika yamekwisha kazi yake. Mtu hawezi kuunga jiwe. Shaba ikivunjika haijapoteza kitu ila umbo, na umbo larudishwa kwa moto. Yamkini watu wa zama zile waliona jambo hilo kuwa la ajabu kuliko tunavyoliona sisi.

Lakini moto gani? Madini hayayeyuki yote kwa joto moja, na hapo ndipo inapoamuliwa kazi gani yaweza kufanyika nyumbani na ipi haiwezi. Kwa kipimo cha Selsiasi, bati huyeyuka kwa digrii 232, risasi kwa 327, zinki kwa 420, alumini kwa 660, fedha kwa 962, shaba nyekundu kwa 1,085, na chuma kisichochanganywa na kitu kwa 1,538. Risasi basi yayeyuka juu ya mafiga ya jikoni. Ndiyo sababu mvuvi aweza kujisubia chubwi za mshipi wake kwa kikopo na tundu ndogo katika mchanga mkavu. Shaba yataka makaa na mivukuto, na kijana asiyechoka kuvuta mivukuto. Chuma kilikuwa kigumu kukifanya maji kwa moto wa namna hiyo, ndiyo maana wahunzi wetu wa bara walikifua kwa nyundo wala hawakukisubu.

Kwa kuwa risasi ni rahisi hivyo, habari kamili ya kusubu nyumbani niijuayo ni ya risasi. Nayo ilitukia Marekani.

Katika mji wa New York ilisimamishwa, mwaka 1770, sanamu kubwa ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, amepanda farasi. Ilikuwa ya risasi, imepakwa dhahabu juu. Siku ya tarehe 9 Julai 1776, askari na wenyeji waliposomewa Azimio la Uhuru, watu walikwenda jioni ile wakaivuta kwa kamba ikaanguka. Watu wa mapinduzi popote pale huangusha sanamu. Hilo si jambo geni. Jambo lililofuata ndilo linalonivutia mimi. Vipande vingi vya sanamu vilichukuliwa kwa chombo cha bahari, kisha kwa magari ya maksai, hata mji mdogo wa Litchfield katika jimbo la Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa wale waliotia sahihi Azimio. Huko risasi iliyeyushwa, ikasubiwa kuwa risasi za bunduki.

Na waliosubu si askari. Walikuwa wanawake na watoto wa nyumba ile na wa majirani. Hesabu yao iliandikwa, na hesabu hiyo imehifadhiwa hata leo. Bibi Marvin alitengeneza 6,058. Ruth Marvin alitengeneza 11,592, naye alimshinda kila mtu. Laura Wolcott, binti wa mwenye nyumba, 8,378. Ndugu yake Mary Ann, 10,790. Bibi Beach, 1,802. Frederick, mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1767, alitengeneza 936, na mtu aliyepata kulea mtoto wa umri ule atakubali kwamba 936 si haba. Pamoja na zile za watu wengine na chache zilizogawiwa askari, jumla ilikuwa 42,088. Mimi husomesha hesabu pia, nami nimezijumlisha mwenyewe: hazikosei hata moja.

Fikirini kazi ile. Kalibu ni koleo yenye shimo ndani ya mdomo wake. Mtu huteka risasi iliyoyeyuka kwa upawa, humimina, hungoja kidogo, hufungua, hudondosha, hufunga tena. Mara elfu, mara elfu kumi. Dirisha labda limefungwa kwa ajili ya baridi. Mikono hiyo hiyo hukata mkate. Historia za shule za Marekani hupenda kusimulia jinsi askari wa mfalme walivyopigwa kwa sanamu ya mfalme wao, na kwa kweli ni hadithi tamu. Lakini katika hadithi hiyo sijaona mtu akiuliza habari za mapafu ya Ruth Marvin.

Wala haifai kusema kwamba siku zile hapakuwa na mtu aliyejua. Benjamin Franklin, aliyetia sahihi Azimio lile lile, alikuwa mpiga chapa tangu ujana wake, na herufi za chapa husubiwa kwa risasi. Mwaka 1786 aliandika barua kwa rafiki yake kueleza madhara ya risasi aliyoyaona: jinsi wapanga herufi waliozoea kuzipasha moto herufi zao walivyopata maumivu ya mikono na hata kuipoteza nguvu yake. Akaongeza kwa masikitiko kwamba jambo hilo lilikwisha kujulikana kwa miaka 60, na bado watu hawakulitendea kazi. Tutairudia risasi baadaye.

Sasa tuvuke bahari twende Afrika ya Magharibi, katika ufalme wa Benin, ulio katika nchi ya Nigeria ya leo. Mafundi wa mfalme wa Benin, ambaye cheo chake ni Oba, walikuwa na mtaa wao wenyewe, mtaa wa Igun, na kazi yao ilikuwa kusubu shaba kwa njia ya nta. Njia hiyo ni hii. Fundi hufinyanga kiini cha udongo. Juu yake hupaka nta ya nyuki, na katika nta huchora kila kitu kama atakavyo: jicho, ushanga, unywele. Kisha huifunika nta kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka, akiacha njia ya kuingilia na ya kutokea. Udongo ukikauka hutiwa motoni. Nta huyeyuka na kutoka, ikiacha nafasi tupu yenye sura ile ile. Ndani ya nafasi hiyo humiminwa shaba. Ikipoa, fundi huvunja udongo. Kalibu hiyo haitumiki mara ya pili, kwa hiyo hapawezi kuwa na vitu viwili vilivyo sawasawa kabisa.

Vichwa na mabamba yaliyofanywa hivyo katika karne za 15, 16 na 17 ni miongoni mwa kazi bora za mikono ya wanadamu. Wazungu wa kwanza walioyaona Ulaya, baada ya majeshi ya Uingereza kuuteka mji wa Benin mwezi wa Februari 1897 na kuchukua maelfu ya vitu, walipata taabu kusadiki kwamba yalifanywa na Waafrika. Lakini neno lililobaki bila jibu kwa muda mrefu ni hili: shaba yote ile ilitoka wapi?

Wareno walifika Benin kabla ya mwaka 1490, nao walileta bangili za shaba zenye umbo la kwato la farasi, ziitwazo manila. Hazikuwa za kuvaa sana, zilikuwa fedha. Kwa manila walinunua pilipili, pembe na, ni lazima tulitaje bila kuficha, walinunua watu. Wengi walidhani ya kuwa mafundi wa Benin waliyeyusha manila hizo, lakini kudhani si kujua. Mwaka 2023 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Tobias Skowronek pamoja na wenzake walitangaza uchunguzi wao. Walichukua manila 67 zilizopatikana katika majahazi matano yaliyozama na katika mahali patatu pa nchi kavu, wakapima risasi iliyomo ndani yake. Maana katika shaba ya zamani risasi kidogo haikosekani, na risasi ya mgodi mmoja si sawa na ya mgodi mwingine. Ina punje za uzito mbalimbali, na uwiano wa punje hizo hutofautiana nchi kwa nchi. Moto haubadili uwiano huo. Yeyusha mara kumi, upo pale pale.

Wakaona nini? Uwiano wa manila za zamani zilizotumiwa na Wareno ulilingana na ule wa vichwa na mabamba ya Benin, tena ulilingana na migodi ya nchi ya Rhine, upande wa magharibi wa Ujerumani. Basi ile shaba ilichimbwa Ujerumani, ikasubiwa bangili, ikachukuliwa kwa jahazi la Kireno, ikanunua mtu, ikayeyushwa mtaani Igun, ikawa uso wa Oba aliyekufa. Na baada ya 1897 vipande vingi viliuzwa, vikaingia katika nyumba za makumbusho za Berlin na miji mingine ya Ujerumani, karibu na mahali ilikochimbwa. Ujerumani ilianza kuvirudisha Nigeria mwaka 2022. Safari hii yote hakuna aliyeiandika kitabuni. Iliandikwa na risasi.

Manila zenyewe ziliendelea kutumika sokoni kwa watu wa mashariki ya Nigeria hata serikali ya Kiingereza ilipoziondoa katika miaka ya 1948 na 1949. Zilikusanywa zaidi ya milioni 30, zikauzwa kwa uzito wake, vyuma vikuukuu.

Nasi wa pwani hatukuwa wageni wa kazi hii. Siwa ya shaba ya Lamu, iliyo katika makumbusho ya mji huo, ilisubiwa kwa njia ile ile ya nta, kwa sehemu sehemu zilizoungwa. Lamu hakuna mgodi wa shaba. Ililetwa na bahari, kama vitu vyote vya Lamu. Na masonara wa Unguja, wa Omani na wa Uhabeshi walijifanyia mgodi katika mifuko ya watu. Reale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria ilichapwa daima kwa mwaka mmoja, 1780, hata ile iliyochapwa zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Ilikuwa na uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 833 zilikuwa fedha halisi. Sonara hakuhitaji kupima wala kubahatisha. Mteja alileta reale zake, zikaingia chunguni, zikatoka mikufu, vikuku na ala za jambia. Kwa hiyo mabibi wengi walivaa shingoni uso wa malkia yule bila kujua, umeyeyuka.

Kuna kisa kingine cha kwetu ambacho wengi hawakijui, nacho ni cha Tabora. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani wa Afrika ya Mashariki walizungukwa baharini na meli za Waingereza, wakaishiwa na fedha za kulipa askari na wapagazi. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walichapa fedha zao wenyewe: heller 5, heller 20, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu ilikuwa ya mgodi wa Sekenke. Lakini heller zilitoka katika maganda ya mizinga na shaba nyingine yoyote iliyopatikana. Zilichapwa zaidi ya milioni moja za heller 20 peke yake, na ukizipanga mezani utaona nyingine ni nyekundu na nyingine za manjano, kama ilivyokuwa shaba ya siku ile. Serikali iliyotaka kila kitu kiwe kwa kanuni ilifika mahali pa kusubu kama msafiri apikavyo porini: kilichopo ndicho chakula. Mwezi wa Septemba mwaka ule Wabelgiji waliingia Tabora, na karakana ikanyamaza.

Basi tufike kwenye madini ya zama zetu, ambayo mababu hawakuyajua. Alumini ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1825, na mtaalamu wa Denmark aitwaye Ørsted. Kwa miaka 60 ilikuwa kitu cha anasa. Watu wa Marekani walipotaka kukiheshimu kilele cha mnara wa Washington mwaka 1884, walikisubu kwa alumini. Miaka 2 baadaye, mwaka 1886, vijana wawili wasiojuana, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, walivumbua namna ya kuitoa kwa nguvu ya umeme, na bei yake ikaporomoka. Kilele cha mnara kikawa sufuria.

Kuitoa alumini katika udongo wake kwataka umeme mwingi mno. Kuiyeyusha tena iliyokwisha kutolewa kwataka kama sehemu 5 katika 100 za nguvu hiyo. Hapo ndipo mtu wa nyumbani alipopata bahati yake, maana digrii 660 ni joto la makaa ya kawaida yakipulizwa vema. Mwaka 1980 fundi mmoja wa Springfield, Missouri, jina lake David Gingery, alianza kutoa vitabu vyake saba vya kuwafundisha watu kujitengenezea karakana nzima kwa vyuma vikuukuu. Kitabu cha kwanza chafundisha tanuu ya makaa: ndoo ya bati iliyokandikwa ndani kwa udongo usioogopa moto, tundu ubavuni, na kipepeo cha kupuliza hewa. Kwa tanuu hiyo msomaji asubu vipande vya mashine ya kukerezea. Na kwa mashine hiyo atengeneze mashine nyingine, hata karakana imalizike. Gingery alifariki mwaka 2004, lakini watu wengi katika nchi nyingi bado wafuata vitabu vyake kwa kujifurahisha jioni, kama wengine wachezavyo bao. Mhunzi wa bara angeitazama ile ndoo na kusema, "Hii naijua". Angeshangazwa na kipepeo cha umeme tu.

Hatari za kazi ni chache lakini hazisamehi. Ya kwanza ni maji. Tone la maji likifunikwa na madini ya moto hugeuka mvuke, na mvuke huo hutanuka zaidi ya mara 1,000, ukarusha madini usoni mwa mtu. Kalibu iwe kavu. Au ikiwa ni ya mchanga, iwe na unyevu wa kushikamana tu, kama unga wa pishori unaobanwa mkononi. Ya pili ni moshi mweupe wa shaba ya manjano ikizidi moto: hiyo ni zinki inayochemka, na mwenye kuivuta hulala usiku na homa ya kutetemeka. Fundi huziona hatari hizi mbili kwa macho yake. Ya tatu haionekani.

Mwezi wa Julai 1940, Uingereza ilipokuwa ikitishwa na ndege za Wajerumani, Bwana Beaverbrook, waziri wa kuunda ndege, aliwaomba akina mama watoe sufuria zao za alumini zigeuzwe ndege. Walizitoa kwa wingi, na lundo zikapanda uani. Lakini alumini ya ndege yahitaji kuchanganywa kwa kipimo halisi, na lundo la sufuria, birika na vijiko lina kila namna ya mchanganyiko. Ndiyo sababu wengi hawasadiki kwamba sufuria nyingi zilipata kuruka. Baada ya vita mambo yalikwenda kinyume: ndege zikayeyushwa, zikajengewa nyumba zaidi ya 54,000 za alumini za watu waliobomolewa na mabomu.

Ikiwa serikali kubwa yenye maabara ilisumbuliwa na swali la nini kimo ndani ya lundo, mtu mmoja mwenye ndoo atajuaje? Katika miji mingi ya Afrika, pamoja na yetu ya Afrika ya Mashariki, mafundi husubu sufuria nzito za alumini kwa mchanga. Sufuria kuukuu huzikwa katika fremu mbili za mbao, mchanga hushindiliwa, sufuria hutolewa polepole, na pengo huachiwa alumini. Mimi nimeisimamia kazi hiyo nikiitazama kwa saa nzima, na ninawaheshimu sana wanaoifanya, maana kuta za sufuria hutoka nyembamba na sawasawa bila chombo chochote cha kupimia. Lakini katika chungu chao huingia mashine za magari, vipoza maji vya injini, na vyombo vya umeme vilivyovunjwa, na pamoja navyo huingia risasi ya kulehemia.

Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitoa habari za sufuria za namna hiyo zilizofanywa Kameruni: risasi ilitoka ndani ya sufuria na kuingia katika kilichopikwa. Mwaka 2017 walipima vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, kwa kuchemsha ndani yake maji yenye siki kidogo. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi ya kutosha kudhuru. Siki ni mfano wa maabara. Jikoni kwetu kuna ndimu, ukwaju na nyanya, navyo vyafanya kazi ile ile. Shirika la Afya la Dunia lasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama mwilini mwa mtoto. Huingia katika mifupa na ubongo. Mtoto haanguki, hakohoi. Hushindwa tu kujifunza, na mwalimu humwita mvivu. Nasema haya nikiwa mwalimu.

Pale risasi inapokuwa nyingi, mambo ni mabaya kuliko hayo. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watu walizoea kuchekecha udongo wenye mabaki ya betri za magari ili waokote risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Na hapa Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilikaa katikati ya nyumba za watu hata 2014, na wenyeji walihangaika mahakamani miaka mingi kwa ajili ya sumu iliyobaki katika damu za watoto wao.

Ile risasi iliyowaonyesha wataalamu njia ya kutoka Rhine mpaka Benin ndiyo hii hii. Haikupotea kwa moto wa karne ya 16, wala haipotei kwa moto wa leo. Fundi akikoroga chungu na kuondoa mapovu juu, huondoa takataka zinazoelea. Risasi huyeyuka kabla ya alumini yenyewe, nayo haiji juu kujionyesha.

Basi mtu atakaye kujifunza kazi hii nyumbani, na ajifunze, kwa kuwa ni kazi ya akili na ya mikono. Na aanze na fremu za madirisha na pistoni, vitu ambavyo asili yake yajulikana. Asiguse betri, wala vipoza maji vilivyolehemiwa, wala vipande vya redio. Makopo membamba ya soda hayafai sana; mengi huungua yakawa majivu kabla ya kuwa madini. Afanye kazi mahali pa wazi, upepo ukimtoka mgongoni, na watoto wawe mbali, wasivute mivukuto kama Frederick Wolcott alivyosubu risasi zake 936. Na asisubu chombo cha kupikia, hata akiombwa na mama yake mzazi. Kuna vitasa vya milango, magurudumu ya mikokoteni, puli, bawaba za madirisha, miguu ya cherehani. Mafundi wa mtaa wa Igun wamo kazini hata leo, na katika vyungu vyao huingia bilula za maji zilizovunjika na vipande vya injini. Watoapo ni vichwa vya wafalme na picha za chui, ambazo watu huziweka rafuni na kuzitazama.